Titi likishaondoka: Usikubali mtu akuchagulie kitakachofuata

Tuseme una miaka 31. Unaishi Likoni, unauza nguo za mtumba Kongowea, na asubuhi moja ukioga unagusa kitu kigumu pembeni mwa titi la kushoto, kama punje ya korosho. Hakiumi. Unakipuuza mwezi, unakipuuza miwili. Unapokwenda hospitali hatimaye, unapigwa picha, unatolewa kinyama cha kupimwa, na baada ya wiki kadhaa unaketi mbele ya daktari anayekwambia titi ni lazima litoke.

Wengi hapo ndipo masikio huziba. Daktari anaendelea na maneno yake, kemo, miale, tarehe ya thieta, nawe unawaza tu utamwambiaje mama, na feri ya kurudi nyumbani utaivuka vipi na uso huo uliojaa machozi.

Katikati ya kelele hizo kuna swali moja ambalo huulizwa mbiombio, au haliulizwi kabisa. Je, baada ya titi kutoka, unataka nini mahali pake?

Najua kuna atakayesema hayo ni maswali ya matajiri wa Nyali, kwamba mtu wa Mtongwe au Bangladesh, Jomvu, ashukuru tu kuwa hai. Sikubaliani. Mama yangu mdogo alikatwa titi bila mtu hata mmoja kumweleza kwamba lingeweza kutengenezwa jingine. Alikuja kujua miaka mitatu baadaye, kwa video kwenye simu ya bintiye. Huenda angelikataa hata angeulizwa, na yeye mwenyewe husema hivyo. Kilichomuuma ni kutoulizwa.

Na usidhani haya ni ya wazee. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya, visa zaidi ya 7,000 vipya kila mwaka kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC. Wanawake wa Afrika kwa jumla huipata wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya. Kwa hivyo aliye mbele ya daktari anaweza kuwa hajaolewa, au ana mtoto anayenyonya, au yuko chuo.

Tuondoe mkanganyiko kwanza. Ukitaja "kipandikizi" Kisauni, watu watadhani ni vile vijiti vya kupanga uzazi vya mkononi. Hiki ni kingine: mfuko wenye ganda la silikoni, ndani umejazwa maji ya chumvi au jeli ya silikoni. Mfuko wa jeli wa kwanza uliwekwa mwaka wa 1962 Houston, Texas, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Mama aliyeuvaa, Timmie Jean Lindsey, hakuwa hata amekwenda kwa ajili ya matiti. Alitaka kufutwa chale za rangi kifuani! Tangu siku hiyo mfuko huu umepitia mengi, na mengine tutayafikia.

Baada ya titi kuondolewa, mfuko haupachikwi tu kama betri ya simu. Wakati mwingine daktari huweza kuuweka siku hiyo hiyo, iwapo ngozi iliyobaki inatosha na iko salama. Mara nyingi huanza na puto. Puto hili huwekwa tupu, chini ya msuli wa kifua au juu yake, kisha kila baada ya wiki moja au mbili unarudi kliniki linaongezwa maji ya chumvi kwa sindano ili ngozi inyooke taratibu. Likishafika ukubwa mliokubaliana, unangoja, halafu unaingia thieta mara ya pili kubadilishiwa puto kwa mfuko wenyewe.

Sasa lipigie hesabu ukiwa Likoni. Feri haimtozi anayetembea kwa miguu, sawa, lakini kuna matatu ya huku na ya kule, kuna foleni, kuna kusukumana pale kivukoni saa za kazi huku kifua kikivuta kama ngoma iliyowambwa upya. Ziara hizo zinaweza kuendelea kwa miezi. Bosi atakuruhusu? Nani atakuwa kwenye meza yako Kongowea? Haya ni maswali ya matibabu kabisa, usione haya kuyatoa mbele ya daktari. Na mkumbushe kila mtu kwamba puto nyingi zina sumaku ndani, kwa hivyo huwezi kuingizwa kwenye mashine ya MRI hadi litolewe.

Halafu kuna miale. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo wengi hujutia. Mwili wako ukiwekewa kitu kigeni hukijengea utando wa kovu kukizunguka. Hiyo ni kawaida. Lakini kwa baadhi ya watu utando huo hukaza, unaubana mfuko, titi linakuwa gumu, linapanda juu, na linauma. Tiba ya miale huongeza sana uwezekano wa jambo hilo, pamoja na hatari ya kidonda kukataa kupona. Kwa hivyo kabla ya kusema ndiyo, uliza: nitahitaji miale? Jibu likiwa ndiyo, au pengine, daktari anaweza kukushauri usubiri, au utumie nyama yako mwenyewe badala ya silikoni.

Naam, njia hiyo ipo. Daktari huchukua ngozi na mafuta ya tumboni, au ngozi na msuli wa mgongoni, akaumba titi. Likishika, ni lako: linanenepa ukinenepa, na halihitaji kubadilishwa. Bei yake ni upasuaji mrefu, makovu mahali pawili, na wiki nyingi za kutobeba kitu kizito. Kwa mtu anayebeba mitungi ya maji Mishomoroni kila asubuhi, hilo si jambo dogo.

Uvutaji sigara unaharibu njia zote mbili, kwa sababu nikotini hubana mishipa na kidonda kinakosa damu. Shisha nayo imo, mwenzangu, hata kama ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017 na bado unajua inapatikana wapi.

Tuseme umechagua mfuko, na umewekewa. Maisha yakoje?

Kwanza, hautahisi kama titi. Mishipa ya fahamu ilikatwa, kwa hivyo kifua kinaweza kubaki na ganzi kwa miaka, pengine daima. Unaweza kuungua usijue: sufuria ya maji moto uliyoikumbatia, chupa ya moto uliyoilalia, pasi. Chuchu mara nyingi huwa imeondoka na titi. Inaweza kutengenezwa baadaye kwa ngozi, au kuchorwa, au ukanunua ya kubandika. Titi la upande wa pili litaendelea kushuka na umri na lile jipya libaki pale pale, wima kama askari wa zamu, na baadhi ya wanawake huishia kufanyiwa upasuaji upande ule mzima ili yalingane.

Pili, mfuko si wa maisha yote. Ule wa maji ukipasuka utajua upesi, titi linasinyaa na mwili unayanyonya maji. Ule wa jeli unaweza kupasuka kimya kimya. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu, inashauri mwenye mfuko wa jeli apigwe picha ya ultrasound au MRI miaka mitano au sita baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Wewe una miaka 31. Usijidanganye kwamba hii ni safari moja ya thieta. Panga kana kwamba utarudi.

Tatu, kuna visa vya kweli vya kuogofya, na ni afadhali uvisikie hapa kuliko TikTok. Mwaka wa 2010 Ufaransa iligundua kwamba kampuni ya PIP ilikuwa inajaza mifuko yake silikoni ya viwandani, isiyoidhinishwa kwa matibabu, na ilikuwa imeiuza nchi nyingi. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo. Julai 2019, kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote mifuko yake ya BIOCELL, yenye ganda la kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya kinga ya mwili inayoota kwenye ule utando wa kovu. Si saratani ya titi, na ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika kwa kuondoa mfuko na utando wake. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla, miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kwa hivyo uliza kama ganda ni laini au la kukwaruza, na uombe kadi yenye jina la kampuni na nambari ya mfuko. Kadi hiyo ipige picha, jitumie, mtumie na dada yako.

Ukiona wekundu, joto, majimaji au homa wiki za mwanzo, usingoje kliniki ya Jumatatu. Feri hufanya kazi usiku.

Habari njema, maana zipo: kutengeneza titi hakurudishi saratani. Na si lazima uamue leo. Linaweza kutengenezwa miezi au miaka baada ya lile la kwanza kuondoka. Ila ukizungumza na daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile kabla ya kukatwa, huweza kupangwa ngozi zaidi ibakizwe, na hiyo hurahisisha mambo baadaye. Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile wenyeji bado wanaiita Makadara, ina kitengo cha saratani. Anzia hapo kuuliza. Na yeyote atakayekwambia atakufanyia, popote pale, mtafute kwanza kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC. Ni bure, iko mtandaoni.

Pesa. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, saratani ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka kwa familia, na Sh150,000 za ziada kutoka hazina ya magonjwa sugu na ya dharura. Viwango hivi hubadilika, ulizia vya sasa. Lakini kemo na miale hula fedha hizo kama mchwa, na neno "urembo" likiingia kwenye fomu umekwisha. Marekani walipitisha sheria mwaka wa 1998 kwamba bima inayolipia kuondoa titi ilipie pia kulitengeneza, na kulisawazisha la upande wa pili. Nadhani wenzao walioandika sheria hiyo walielewa kitu. Wewe omba daktari aandike wazi kwamba ni urekebishaji baada ya saratani, na upate jibu la bima kwa maandishi kabla ya tarehe ya thieta.

Kwetu huku hutakosa pia atakayekwambia kwamba ni haramu, unabadilisha maumbile ya Mungu. Mjibu kwa adabu kwamba wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walilijadili Putrajaya, Malaysia, mwaka wa 2007, wakaruhusu kuumbwa upya kwa titi lililoondolewa, kwa kuwa huko ni kurudisha kilichopotea. Wengi hutaja pia hadithi ya Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani na Mtume akamruhusu kuvaa ya dhahabu. Kisha kuna yule mwingine: baibui linafunika kila kitu, kwani shida iko wapi? Huyo hajawahi kujitazama kwenye kioo akiwa peke yake.

Ndugu zangu wanaume, nyinyi nanyi. Mpenzi wako akikuuliza "wewe unaonaje?" haulizi kuhusu ukubwa wa sidiria. Nenda naye kliniki, beba mkoba, nyamaza akiwa anaongea na daktari.

Na kubaki bapa ni chaguo kamili, si kushindwa. Hakuna thieta ya pili, hakuna mfuko wa kuchunguza. Ukitaka umbo siku fulani, kuna titi la kuvaa ndani ya sidiria. La silikoni ni zito na joto letu la Machi litakutoa jasho chini yake. Kuna la kufuma kwa uzi wa pamba, jepesi, linafuliwa. Thika kuna fundi wa nguo, mwenyewe aliyepona saratani, anayeyafuma na kuwafundisha wenzake kuyafuma.

Mama yangu mdogo alipojua kwamba inawezekana, alikwenda kumwona daktari bingwa, akauliza maswali yake yote, akaoneshwa mfuko, akaubonyezabonyeza mkononi. Kisha akashukuru akarudi Mtongwe. Siku za harusi huvaa la kufuma. Akirudi nyumbani hulivua kabla ya viatu, hulitundika msumarini karibu na mlango, pamoja na funguo.