Ndevu Zinahitaji Nini Hasa?

Ndevu sasa zina rafu yake kwenye maduka ya vipodozi. Kuna mafuta ya ndevu, nta ya kuzilaza, shampuu ya ndevu, kondishena ya ndevu, skrabu ya ndevu, hata vidonge vya kuziotesha. Chupa ya mafuta aghalabu ni ya mililita 30, na bei yake ingemnunulia mtu mafuta ya nazi ya miezi kadhaa. Kijana anayeanza kufuga ndevu husimama hapo akijiuliza kama akivikosa vyote hivyo ndevu zake zitaharibika.

Hazitaharibika. Sehemu kubwa ya bidhaa hizi si ya lazima. Kilicho cha lazima ni utunzaji wenyewe, hasa kwa mwanamume mwenye nywele za kipilipili, na utunzaji huo unahusu ngozi kuliko unywele. Fedha zetu zinakwenda kwenye unywele, ilhali karibu matatizo yote ya ndevu huanzia chini yake.

Sehemu ya unywele inayoonekana nje ni keratini, protini ngumu ya jamii ya ile inayojenga kucha. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu, na hailishwi kwa kupakwa kitu. Uhai uko ndani ya kinyweleo, ambako seli hugawanyika na kuusukuma unywele nje kwa takriban theluthi moja ya milimita kila siku, yaani kama sentimita moja kwa mwezi. Ubavuni mwa kinyweleo kuna tezi inayotoa mafuta ya asili. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteleza mpaka nchani bila taabu. Kwenye unywele uliojisokota, kila pindo huyakwamisha, ndiyo maana ndevu za Waafrika wengi hukauka na kukatika nchani hata kama ngozi ya uso inang'aa. Kwa hiyo haja ya kuongeza mafuta ni ya kweli.

Je, ni lazima yawe mafuta ya ndevu? Soma kibandiko. Mara nyingi utakuta jojoba au argani, pengine na mafuta ya lozi, kisha manukato. Jojoba hukamuliwa kutoka mbegu za kichaka cha majangwa ya Marekani na Meksiko, na kikemia ni nta iliyo katika hali ya kimiminika, inayokaribiana na sehemu ya mafuta ya asili ya ngozi. Argani hutoka Moroko. Yote mawili ni mazuri, ila hakuna ndani yake kinachoyafanya yafae kidevuni kuliko utosini.

Mafuta ya nazi, ambayo Pwani yamepakwa nywele kwa vizazi vingi, yana ushahidi ambao chupa nyingi za kisasa hazina. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini kwenye nywele, kwa kuwa asidi yake ya lauriki ina molekuli ndogo iliyonyooka inayoweza kupenya hadi ndani ya unywele. Kasoro yake ni kwamba kwa baadhi ya watu wenye chunusi huziba vinyweleo. Mtu wa aina hiyo ana sababu ya kweli ya kulipia jojoba. Kwa wengine, matone machache ya nazi yanatosha, mradi yapakwe ndevu zikiwa bado na unyevu baada ya kunawa. Mafuta hayaleti maji. Huyazuia yaliyopo yasipotee. Ukiyapaka kwenye ndevu kavu, unafungia ukavu ndani.

Nta ya ndevu, ambayo kwa kawaida ni mafuta yaliyochanganywa na nta ya nyuki au siagi ya shea, ina kazi moja: kulaza ndevu ndefu zisitawanyike. Asiye na ndevu ndefu haihitaji.

Mbona basi bidhaa zimeongezeka ghafla? Biashara ya kidevu kwa muda mrefu ilikuwa biashara ya wembe, tangu King C. Gillette alipoanza kuuza wembe wa kubadilisha mwaka 1903. Kisha wanaume wengi wakaacha kunyoa kila siku. Mwaka 2019 Procter & Gamble, wamiliki wa Gillette, walipunguza thamani ya biashara hiyo vitabuni kwa takriban dola bilioni 8, na kati ya sababu walizotaja ni kwamba wanaume wananyoa mara chache zaidi. Kidevu kisichonunua wembe kikatafutiwa kitu kingine cha kununua. Hilo si kosa, ndivyo biashara ilivyo; mnunuzi tu aelewe kwamba rafu ile mpya haikuja kwa sababu madaktari wa ngozi waligundua hitaji jipya.

Kwenye kuosha, madai ya watengenezaji yana ukweli nusu. Sabuni ya kipande ya kawaida ina alkali nyingi, pH ya 9 mpaka 10, na ngozi ya uso hupenda hali ya asidi kidogo, karibu na 5. Kidevu kinachooshwa kila siku kwa sabuni ya kufulia kitakauka na kuwasha. Lakini shampuu yoyote isiyo kali itafanya kazi ileile inayofanywa na yenye picha ya mwanamume mwenye ndevu.

Mba wa ndevu ni suala jingine, na hapa ndipo bidhaa za urembo zinapoweza kudhuru. Ngozi ikibanduka magamba yenye mafuta na kuwasha chini ya masharubu na kidevuni, mara nyingi mhusika ni fangasi aitwaye Malassezia. Anaishi kwenye ngozi zetu sote, hawezi kujitengenezea asidi za mafuta, kwa hiyo hula zile anazozikuta. Mtu anaona magamba, anadhani ni ukavu, anaongeza mafuta, na fangasi anashiba. Anachohitaji kipo duka la dawa: shampuu yenye ketokonazoli ya asilimia 2, iachwe kwenye ndevu dakika kama tano kabla ya kusuuza, mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Asipopata nafuu, amwone daktari.

Mafuta ya kuotesha ndevu nayapinga waziwazi. Wingi wa ndevu huamuliwa na urithi, na jinsi vinyweleo vinavyoitikia homoni za kiume. Mafuta ya nyonyo huzifanya ndevu zing'ae na zionekane nzito. Kuotesha ni dai lisilo na ushahidi wa maana. Vidonge vya bayotini humsaidia aliyepungukiwa bayotini, na hao ni wachache. Tena dozi kubwa huvuruga vipimo vya maabara. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba vinaweza kupotosha hata kipimo cha kutambua shambulio la moyo. Minoksidili ndiyo yenye ushahidi kiasi, lakini hiyo ni dawa. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, na matumizi yaliyoidhinishwa kwa nywele ni ya kichwani. Kuipaka kidevuni bila ushauri wa daktari ni kujitibu ugonjwa usiokuwepo.

Shida inayowatesa wanaume wetu zaidi ya zote ni vipele vya ndevu, na havitibiwi na chupa yoyote katika zile nilizozitaja. Wembe hukata unywele wa kipilipili kwa mshazari na kuuachia ncha kali. Unywele ukikua hujikunja, ncha ikachoma ngozi na kuingia tena ndani. Mwili huushambulia kama mwiba: uvimbe, usaha, madoa meusi, na kwa wengine makovu ya kudumu. Wembe wenye makali mengi huzidisha, kwa kuwa kali la kwanza huuvuta unywele na linalofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Spiriti baada ya kunyoa huchoma, lakini haiuchomoi unywele uliojichimbia.

Tiba ya msingi ni kuacha kunyoa kwa wiki kadhaa, kisha kupunguza kwa mashine na kubakiza angalau milimita moja. Ndevu zikifikia kama sentimita moja, nyingi zilizozama hujifyatua zenyewe. Asiyeweza kuacha wembe atumie wenye kali moja, alainishe ndevu kwa maji ya vuguvugu, anyoe kufuata zinakoelekea, na asiivute ngozi. Waajiri wanaodai kidevu kitupu kila asubuhi wanapaswa kulijua hili: kwa mfanyakazi mwenye vipele, milimita moja ya ndevu ni matibabu.

Na kuna kiti cha kinyozi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mkwaruzo usioonekana unatosha kuvipitisha. Mashine isiyosafishwa husambaza fangasi wa mapunye, ambao hushika hata ndevu. Wembe ufunguliwe mpya mbele ya mteja. Mashine ipigwe brashi kutoa nywele, ndipo ipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe. Mwenye fedha za mafuta ya bei kubwa, na aanze kununua mashine yake ndogo ya kuchaji. Akiipeleka kwa kinyozi wake aitumie kwake peke yake, kinyozi anayeipenda kazi yake hatachukia.