Mtu Mmoja, Nyota Nne

Sipigi falaki. Naliweka hili juu kabisa ili hata msomaji anayeishia mstari wa pili aondoke nalo. Kazi yangu ni kusoma vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono: kuutambua wino, karatasi na mwandiko, kisha kuwaeleza wenyewe kilichomo. Lakini kila nikifunguliwa kitabu cha marehemu babu wa mtu, sijafika ukurasa wa tatu swali limeshatoka, na ni lile lile: "Mwalimu, hebu nitazamie, nyota yangu ni ipi?"

Mara ya mwisho lilinikuta Nyakabuye, wilayani Rusizi, kwenye vilima vilivyo juu ya bonde la Bugarama. Bibi mmoja alinitolea kitabu kutoka kwenye sanduku la bati, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Jalada la mbele halipo. Wino mweusi umegeuka rangi ya chai, ila vichwa vya milango bado ni vyekundu kama vya jana. Majirani watatu walikuja kuketi nasi. Wote watatu walitaka nyota, na mmoja akaongeza la pili: saa ipi ni ya heri kwenda kuoga Amashyuza, zile chemchemi za maji moto zilizo hapo hapo Nyakabuye. Nikamwambia maji yale yanapata moto chini ya ardhi, katika Bonde la Ufa, na huko chini hakuna Jumatatu wala Jumanne. Aende akipata nafasi. Hakuridhika.

Kitabu chenyewe ni cha aina inayojulikana vizuri kuanzia Lamu hadi Unguja. Kinaanza na jedwali la saa, kila saa na sayari yake: Zuhali, Mushtari, Mirihi, Shamsi, Zuhura, Utaridi, Kamari. Halafu dawa za tumbo na kichwa. Halafu dua. Halafu, na hapa nilicheka peke yangu, mlango mzima wa kaskazi na kusi: lini jahazi lishushwe majini na lini lisithubutu kutoka. Jahazi, Nyakabuye! Aliyenakili alinakili kila kitu alichokiona katika nakala ya pwani, pepo za bahari zikiwemo, naye asiruke neno. Ndiyo maana naviheshimu vitabu hivi. Ukurasa usio na faida hata kidogo kwa mkulima wa mlimani unakueleza njia ambayo elimu ilipita mpaka kumfikia.

Wapo watakaosema huo ni ushirikina wetu, kitabu kichomwe. Hao nawapeleka Nürnberg, Ujerumani, mnamo mwaka 1472. Tajiri mmoja wa mji huo, Erhard Schürstab, alikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa mkono ambacho leo kimehifadhiwa Zürich, Uswisi. Ndani yake mna miezi, buruji kumi na mbili, sayari saba, tabia nne za mwili, wakati wa kuumika, na ndiyo, wakati wa kuoga. Vitabu vya namna hiyo vilienea katika nyumba za Kijerumani zenye uwezo, na mara nyingi sala zilishonwa pamoja na falaki na dawa. Kwa mwenye nyumba, Nürnberg au Lamu, hiyo ilikuwa kazi moja: mtoto ana homa, leo ni siku gani, ale nini, na aombewe vipi.

Wala vitabu hivyo havikufanana kwa bahati. Vina babu mmoja. Abu Maashari, aliyezaliwa Balkh mwaka 787 na kufa 886, aliandika utangulizi mkubwa wa unajimu uliotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12. Wazungu wakamwita Albumasar, na kitabu chake kikapigwa chapa Augsburg, Ujerumani hiyo hiyo, mwaka 1489. Huku kwetu jina lake limebandikwa kwenye vijitabu vinavyouzwa pamoja na udi na ubani, na wengi wanaotazamia watu nyota huapa kwa jina hilo.

Sasa tuje kwenye nyota yenyewe, maana nimechoka kuikwepa.

Namna inayotumika mnaijua. Jina lako na jina la mama yako huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ina hesabu yake ya abjadi, unajumlisha, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yako. Kikibaki kimoja ni Hamali, viwili Thauri, na kuendelea mpaka Hutu. Jambo la kwanza la kutazama hapo ni kwamba hakuna aliyetazama juu. Hakuna sayari, hakuna saa ya kuzaliwa, hakuna mbingu. Abu Maashari katika utangulizi wake anashughulika na sayari zilipo angani, siyo na cheti cha kuzaliwa. Hii hesabu ya majina ni elimu ya herufi iliyovishwa kanzu ya falaki.

Tuifanye basi, polepole, kwa jina la Mugabo, ambalo Rwanda halina uhaba. Mama yake tumwite Mariamu, kwa kuwa jina hilo kwa Kiarabu halina ubishi: mimu 40, ree 200, yee 10, mimu 40. Jumla 290.

Mtaalamu wa kwanza anaandika Mugabo kwa kuvuta irabu zote: mimu 40, wau 6, ghaini 1000, alifu 1, bee 2, wau 6. Inakuwa 1055. Ongeza 290 upate 1345. Toa kumi na mbili kumi na mbili, kinabaki kimoja. Mugabo ni Hamali, mtu wa moto.

Wa pili hana mazoea ya kuvuta irabu, anaweka alama za juu na chini tu, ambazo hazihesabiwi. Zinabaki mimu, ghaini na bee: 1042. Pamoja na mama, 1332. Inagawanyika sawasawa, haibaki kitu, na isipobaki kitu huhesabiwa ya kumi na mbili. Mugabo amekuwa Hutu, mtu wa maji.

Wa tatu anasema Kiarabu hakina g ya Mugabo, yeye hutumia kafu. Kafu ni 20, na irabu naye hazivuti. Jina linakuwa 62, pamoja na mama 352, zinabaki nne. Saratani.

Wa nne amesoma kitabu kutoka Maghribi, ambako baadhi ya herufi zina hesabu nyingine na ghaini ni 900, siyo 1000. Anaandika kama yule wa pili: 942, na mama 1232, zinabaki nane. Mugabo sasa ni Akrabu.

Mtu mmoja, mama mmoja, nyota nne. Na hapo hatujauliza kama tuhesabu Mugabo au Hassan, maana Mnyarwanda Mwislamu anayo yote mawili, la Kinyarwanda na la dini. Hatujauliza kuhusu pacha, waliotoka chini ya mbingu moja wakipishana dakika kumi, wakapewa majina mawili na kwa hiyo nyota mbili. Hesabu haina kosa hata mahali pamoja, jumlisheni wenyewe. Kilichoamua ni mkono wa mwandishi, na mkono huo ndio unaoulipa.

"Basi tutumie tarehe ya kuzaliwa, kama magazeti." Hapana. Buruji za magazetini zilipangwa na Wagiriki wa kale, na tangu hapo mhimili wa dunia umekuwa ukiyumba taratibu kama pia, kadiri ya digrii moja kila miaka 72. Tarehe 21 Machi gazeti linasema jua linaingia Hamali. Ukilitafuta angani, limo katika nyota za Hutu. Wala msiseme hoja hizi ni za wazungu: Ibn Khaldun alitenga mlango mzima katika Muqaddima yake, mwaka 1377, kuuvunja unajimu.

Nyota inakula pesa tu. Dawa ya kitabu inaweza kukuua, na neno linalonitisha zaidi ni safura. Bonde la Bugarama ni la mpunga, na udongo wenye unyevu ndipo minyoo ya safura hungojea nyayo zisizo na viatu. Mtu amepauka, anahema akipanda kilima, anafungua kitabu cha babu na kukuta kweli mlango wa "dawa ya safura". Lakini safura ya kitabuni ni safraa ya Kiarabu, nyongo ya njano, mojawapo ya majimaji manne waliyoamini yanaendesha mwili: damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Aliyeandika dawa ile hakuwa na habari ya mnyoo. Unakunywa dawa ya ugonjwa mwingine, ugonjwa ambao haupo, huku mnyoo unaendelea kufyonza. Kituo cha afya, bima ya mituweli, albendazoli. Tumemaliza.

Na kitabu je? Msikichome. Msikiuze kwa mpita njia. Msioshe kurasa mkanywa maji yake: wekundu wa vitabu vya zamani mara nyingi ni zinjifuri, ambayo ina zebaki. Msikibandike gundi ya karatasi, msikipige plastiki, msikianike juani. Kitambaa safi cha pamba, sanduku kavu, juu ya meza, mbali na mchwa. Kipigeni picha kwa simu kwenye mwanga wa mchana, ukurasa kwa ukurasa, kisha waulizeni Inteko y'Umuco, taasisi ya Rwanda ya urithi wa utamaduni. Vitabu vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na vyenyewe vikabaki Lamu. Kupiga picha si kunyang'anywa.

Na pigeni hata kurasa mnazodhani ni tupu. Cha bibi yule, nyuma kabisa, baada ya dua ya mwisho, mkono mwingine wenye kalamu nene umeandika madeni mawili ya chumvi na kuzaliwa kwa watoto wanne. Wa tatu ni yeye: mwezi wa Shaabani, 1366, yaani kati ya Juni na Julai 1947. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama cha wenzake wengi wa umri wake. Nilimsomea mara mbili. Akauchukua ukurasa, akauweka karibu na macho, ingawa hasomi.

"Kumbe ni mwezi huo," akasema. "Haya Mwalimu, sasa kwa mwezi huo, nyota yangu ni ipi?"