Etha na Neno "Mvuke"

Pareto ni zao la siku nyingi katika nyanda za juu za Njombe. Maua yake yakisha kaushwa na kusagwa, dawa iuayo wadudu iliyomo haikubali kutoka kwa maji. Hutolewa kwa kiyeyushi chepesi kama heksani au etha ya petroli. Kiyeyushi hupitishwa katika unga wa maua, huichukua dawa, kisha hupashwa joto kikaruka na kuiacha. Kiwanda cha pareto kiko Mafinga, katika njia itokayo Makambako kwenda Iringa.

Jina "etha ya petroli" lina kasoro. Etha halisi ya viwandani, yaani daietili etha, hutengenezwa kwa kupasha ethanoli pamoja na asidi ya salfa kwa joto la nyuzi 140 hivi, nayo ina oksijeni. Ile ya petroli ni sehemu nyepesi ya mafuta, haina oksijeni, na iliitwa etha kwa sababu ya wepesi wake wa kuruka tu. Zote mbili hushika moto upesi, lakini etha halisi ina hatari ya pili: ikikaa muda mrefu katika chombo kilichokwisha funguliwa, hewa na mwanga huzaa ndani yake peroksaidi, ambazo zaweza kulipuka. Mtunza ghala aliyepewa jina moja kwa vitu viwili hawezi kujua ni kipi kisichofaa kuwekwa miezi na miezi.

Hata hivyo, neno lenye madhara zaidi ni "mvuke". Kwa msemaji wa Kiswahili mvuke ni ule wa sufuria: huonekana, hupanda juu, hutoweka. Mvuke wa etha haufanyi hata moja katika hayo. Hauonekani, uzito wake ni kama mara 2.6 ya uzito wa hewa. Hutambaa sakafuni, huingia mitaroni, na hufuata mteremko hadi jiko lililo mbali, kisha moto hurudi kwa njia ile ile. Etha huchemka kwa nyuzi 34.6 pwani, na katika mwinuko wa Njombe kwa nyuzi 28 hivi. Baridi ya Julai haiizuii kushika moto, maana hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata chini ya nyuzi 40 za baridi. Kwa tabia hiyo hiyo hutiwa katika dawa za kupuliza za kuamshia injini za dizeli zilizopoa.

Petroli nayo ina mvuke wa namna hiyo. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, katika barabara kuu hiyo hiyo ishukayo Makambako. Watu walikusanyika kuchota. Moto ulipowaka, waliokufa walizidi 100.

"Gesi" haifai badala yake, kwani humpeleka msomaji kwenye mtungi wa kupikia. "Hewa" ni pana mno. Pengine "mvuke" lingebaki, mradi lisiandikwe peke yake juu ya pipa. Maneno "Mvuke wake hauonekani, hutambaa chini, huwaka kwa moto wa mbali" ni marefu kuliko "Hatari: Moto", lakini humwambia mchukuzi mahali pa kutazama.