Rekodi za Magari ya Kasi na Kitufe Chenye Picha ya Gari Linaloteleza

Tarehe 31 Machi 1998, katika uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani, Andy Wallace alilikimbiza McLaren F1 hadi kilomita 386.4 kwa saa. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa magari yanayouzwa kwa umma. Gari lile halikuwa na breki za ABS, halikuwa na udhibiti wa mshiko, wala mfumo wa uthabiti. Kati ya nguvu farasi zaidi ya 600 za injini na tairi mbili za nyuma, kilichokuwepo ni mguu wa kulia wa Wallace.

Tarehe 2 Agosti 2019 mtu yuleyule alirudi kwenye barabara ileile. Safari hii alikuwa ndani ya Bugatti Chiron Super Sport 300+, gari la nguvu farasi 1,600 linalosukuma tairi zote nne huku kompyuta zikisoma mwendo wa kila moja. Alifika kilomita 490.484 kwa saa, akawa wa kwanza kupita maili 300 kwa saa katika gari la ukoo wa yale yanayouzwa kwa umma. Alikimbia kuelekea upande mmoja tu, kwa hiyo wanaopenda kubishania kanuni za rekodi bado wanabishana. Mimi kinachonivutia ni ile miaka 21 katikati. Ndani yake magari yalijifunza kuhisi yanavyoteleza, na wapenzi wa kasi wakaanza kulalamika kwamba kompyuta imemnyang'anya dereva kazi yake. Nimezifuatilia rekodi hizi kwa muda mrefu, na ninachokiona kwenye saa hakifanani na malalamiko hayo.

Tuanze na tairi. Kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba kila kitu: kuondoka, kufunga breki, kukata kona. Mshiko wake una kiasi, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Ukichota mengi kwa ajili ya breki, ya kona yamepungua. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona kwenye gari linalosukumwa na tairi za nyuma, tairi hizo zinazunguka bure na mkia unachomoka. Ukiingia kona kwa kasi iliyozidi, pua inakataa kugeuka na gari linaendelea mbele kama vile usukani haupo.

Mfumo wa uthabiti husoma pembe ya usukani, kasi ya kila tairi na jinsi gari linavyojizungusha, kisha unalinganisha mara nyingi kwa sekunde: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi? Vikitofautiana, unafunga breki ya tairi moja. Mkia ukichomoka, inafungwa ya mbele, upande wa nje wa kona. Pua ikikataa, inafungwa ya nyuma, upande wa ndani. Hakuna bingwa wa dunia awezaye kufanya hivyo, kwa kuwa dereva ana pedali moja ya breki na kompyuta inazo nne.

Ya kwanza

Mwaka 1971 Buick ya Marekani iliuza kifaa kilichoitwa MaxTrac, kilichopunguza nguvu za injini tairi za nyuma zilipoanza kuzunguka bure. Hakikudumu. Mercedes-Benz ilileta udhibiti wake wa mshiko mwaka 1987. Kisha ukaja mwaka 1995. Bosch na Mercedes-Benz waliweka mfumo wa uthabiti, walioupa jina ESP, kwenye S 600 Coupé, kazi iliyoongozwa na mhandisi Anton van Zanten, ambaye mwaka 2016 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilimtunukia tuzo ya maisha. Mwaka huohuo wa 1995 Toyota iliweka mfumo wake, VSC, kwenye Crown Majesta. Kwa hiyo anayeendesha Crown leo katika foleni za Dar es Salaam amekalia ukoo wa waasisi, hata kama herufi hizo tatu hajawahi kuzitilia maanani.

Aibu iliyozaa matunda kuliko zote

Oktoba 1997 mwandishi wa jarida la Teknikens Värld la Sweden alilipitisha Mercedes A-Class kwenye jaribio la kumkwepa mnyama: unakwenda kasi, unakata ghafla kushoto, unarudi kulia, bila kugusa breki. Sweden wana sababu ya kulijali jaribio hilo, maana kulungu wao mkubwa wa msituni, mwenye pembe pana na miguu mirefu, hujitokeza barabarani bila hodi. A-Class ilipinduka. Mercedes ilisimamisha mauzo, ikarekebisha saspensheni, kisha ikafanya uamuzi uliobadilisha soko zima: kila A-Class ingetoka kiwandani na ESP. Kifaa cha magari ya matajiri kikashuka hadi kwenye gari dogo la kupeleka watoto shule. Audi TT ilipita njia hiyohiyo muda mfupi baadaye, baada ya ajali za kasi kwenye barabara kuu za Ujerumani. Wakaiongezea kibawa cha nyuma na ESP.

Nani basi alipita jaribio hilo kwa kasi kubwa? Mwaka 1999 jarida lilelile lilipima Citroën Xantia Activa V6, gari la familia la Kifaransa, likapita kwa kilomita 85 kwa saa. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna gari lililolipiku kwenye orodha ya jarida hilo, zikiwemo Porsche na McLaren zenye bei mara nyingi zaidi. Siri yake ilikuwa saspensheni ya mafuta ya shinikizo iliyozuia bodi kulala kwenye kona, hivyo tairi zote nne zikabaki zimeikanyaga lami sawasawa. Rekodi hii naipenda kuliko zote katika makala haya. Inakumbusha kwamba ESP haiongezi hata chembe ya mshiko. Inagawa ule uliopo. Xantia ilikuwa na zaidi wa kugawa.

Iliyopigwa marufuku mara mbili

Mwaka 1992 Nigel Mansell alitwaa ubingwa wa Formula 1 kwa kushinda mbio 9, ndani ya Williams FW14B yenye saspensheni inayoongozwa na kompyuta na udhibiti wa mshiko. Wapinzani wake walikuwa wakipigana na tairi zao kila walipotoka konani, yeye alikanyaga. Kufikia msimu wa 1994 misaada hiyo ikakatazwa. Udhibiti wa mshiko uliruhusiwa tena kuanzia mbio za Uhispania mwaka 2001, kwa sababu waamuzi walishindwa kuthibitisha nani ameuficha ndani ya programu za injini. Ukafukuzwa tena mwaka 2008, kila timu ilipolazimishwa kutumia kompyuta ya aina moja. Waliouzuia hawakusema unapunguza kasi. Walisema unafanya dereva wa kawaida afanane na dereva mkubwa, na kwa mchezo unaotaka kumpata dereva bora, nakubaliana nao kabisa.

Mzunguko uliowanyamazisha wabishi

Nürburgring Nordschleife ina kilomita 20.832 za kona, mabonde na vilima, na ndiko watengenezaji wengi hupeleka magari yao kupimwa. Novemba 2020 Maro Engel alizunguka huko na Mercedes-AMG GT Black Series kwa dakika 6 na sekunde 48.047, muda ambao hakuna gari la kuuzwa lililokuwa limeufikia bila kuguswa na karakana. Kwenye gari hilo kuna udhibiti wa mshiko wenye ngazi 9. Engel hakuuzima. Aliuweka kati ya ngazi ya 6 na ya 7, akibadilisha kulingana na sehemu ya njia.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo wengi huichanganya. ESP ya kawaida humchukulia dereva kama mtu aliyeshtuka: inakata nguvu, inafunga breki, inalinyoosha gari. Kwenye mzunguko wa mashindano hiyo inapoteza muda, na mifumo ya miaka ya 1990 ilistahili lawama ilizopata. Udhibiti wa mshiko wa aina aliyotumia Engel unafanya kazi nyembamba zaidi. Unaziachia tairi za nyuma ziteleze kwa kipimo alichochagua dereva, kwa kuwa tairi inayoteleza kidogo hushika kuliko isiyoteleza kabisa, halafu unazuia lile tone la ziada linaloharibu kona. Ferrari walikuwa wamekwenda mbele zaidi tangu mwaka 2013 kwa 458 Speciale, ambamo kompyuta hukadiria pembe ambayo gari linakwenda ubavu na kumwacha dereva alishikilie hapo. Na mwaka 2022 Porsche 911 GT3 RS ilikuja na vitasa kwenye usukani wenyewe, dereva akipunguza au kuongeza msaada bila kuachia mikono; Jörg Bergmeister akazunguka Nordschleife kwa 6:49.328, na injini isiyo na turbo.

Waliokataa hadi mwisho

TVR ya Uingereza ilikataa kwa imani ya mwenye kampuni, Peter Wheeler, aliyeamini kwamba vifaa vya usalama humfanya dereva ajiamini kupita kiasi. Dodge Viper, yenye silinda 10 na sifa ya kumgeukia dereva wake, haikuwa na mfumo wa uthabiti hadi toleo la 2013, sheria ya Marekani ilipoacha kutoa nafasi.

Porsche Carrera GT inahitaji maneno zaidi. Yalitengenezwa magari 1,270, yenye nguvu farasi 612 na injini ya silinda 10 iliyozaliwa kwenye mradi wa mbio za Le Mans. Lilikuwa na ABS na udhibiti wa mshiko, ila mfumo wa uthabiti halikuwa nao. Novemba 2013 mwigizaji Paul Walker alifariki akiwa abiria ndani ya gari hilo huko California. Wachunguzi walitaja mwendo wa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa, kwenye barabara yenye kikomo cha takriban 72. Walitaja pia umri wa tairi: miaka 9. Tairi hukauka hata zikiwa na kashata nzuri, na mpira mkavu hauna cha kugawa.

Rekodi zinazotaka kitufe kizimwe

Drifti, yaani kulitelezesha gari ubavu kwa makusudi, ni jambo jingine kabisa, maana dereva anakitafuta kile kile ambacho kompyuta inakizuia. Mwaka 2016 Masato Kawabata wa Japani alilipeleka ubavu Nissan GT-R lililorekebishwa, kwa kilomita 304.96 kwa saa, kwenye njia ya ndege ya Fujairah, Falme za Kiarabu. Desemba 2017 Johan Schwartz alidrifti BMW M5 kwa saa 8, kilomita 374.17, huko South Carolina, kwenye lami iliyolowanishwa; alijaziwa mafuta na M5 nyingine iliyokuwa ikidrifti pembeni yake. Porsche Taycan iliteleza kilomita 42.171 huko Hockenheim, mifumo yote ya uthabiti ikiwa imezimwa.

Magari ya umeme yamegeuza mambo kwa namna nyingine. Rimac Nevera ya Kroatia ina mota nne, moja kwa kila tairi, kwa hiyo kompyuta haihitaji kungoja injini ipungue wala kutegemea breki peke yake. Inaongeza nguvu tairi hii na kuipunguza ile, zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mwaka 2023 gari hilo liliweka rekodi 23 kwa siku moja, ikiwemo kutoka sifuri hadi kilomita 400 kwa saa na kurudi sifuri chini ya sekunde 30.

Rekodi kubwa kuliko zote haikuwekwa uwanjani. Tafiti za Marekani zilionyesha kwamba mfumo wa uthabiti unapunguza karibu kwa nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake. Marekani iliufanya lazima kwa magari mapya ya kuanzia toleo la 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014.

Yamkini gari lako linao mfumo huo pia. Taa yenye picha ya gari linaloteleza ikimetameta konani, mfumo unafanya kazi: legeza mguu. Ikiwaka na kubaki imewaka ilhali hukubonyeza kitufe, mfumo umelala: lipeleke gari kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia. Na kabla hujamfikia, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi zako. Mbili za kwanza ni wiki zilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka.