Haloperidoli, Dawa ya Ugonjwa wa Akili

Kama nyumbani mwako yuko mtu asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, au adhaniye kwamba jirani wote wanataka kumwua, yafaa ujue habari za dawa iitwayo haloperidoli. Jina lake la dukani ni Haldol. Ilitengenezwa mwaka 1958 huko Ubelgiji, katika maabara ya daktari Paul Janssen, na hata leo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Inafanyaje kazi?

Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa vitu vingi. Kimoja huitwa dopamini. Hutoka katika chembe moja na kushika juu ya nyingine kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Kwa mgonjwa huyu habari hizo huzidi katika sehemu fulani ya ubongo, naye huona yasiyokuwapo kuwa ya kweli. Haloperidoli hukaa ndani ya kufuli, ufunguo usiingie. Fujo hutulia kwa saa au siku chache, lakini sauti na mashaka huchukua majuma kupungua. Basi msikate tamaa upesi.

Angalieni: mtu aanzaye kupayuka akiwa na homa apimwe malaria kwanza. Malaria ya ubongo huchanganya akili, nayo ina dawa yake.

Shingo ikipinda

Dopamini hiyo hiyo huongoza pia mwendo wa viungo. Kwa sababu hii, katika siku za kwanza shingo ya mgonjwa yaweza kupinda, macho yakageukia juu, au ulimi ukatoka nje. Jamaa wakiona hayo husema, "Amepandwa na pepo," ama, "Amelishwa sumu." Hutupa vidonge, wakampeleka kwa mfumu, au wakamfunga kamba katika chumba cha maombi. Sivyo! Ni dawa imefunga kufuli la viungo. Mrudisheni hospitali upesi. Sindano ya biperideni, au nyingine ya namna hiyo, hulegeza shingo kwa muda mfupi, kisha mganga atatazama upya kipimo cha dawa. Ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Wengine hutetemeka, au hawawezi kukaa kitako, au husinzia. Wanawake wengine hukosa hedhi. Mwambieni mganga. Lakini homa kali pamoja na mwili kukakamaa ni hatari ya kifo: msimpe kidonge kingine, nendeni hospitali saa ile ile.

Mambo ya kushika

1. Mgonjwa asiache dawa kwa kuwa anajiona mzima. Ugonjwa hurudi. Mganga ndiye apunguzaye, kidogo kidogo.

2. Asinywe kasiksi wala kanyanga. Pombe na dawa hii pamoja hulemea ubongo.

3. Akisinzia, asiendeshe pikipiki wala chukudu.

4. Mwenye ugonjwa wa Parkinson asipewe, maana kutetemeka kwake na ugumu wa viungo vitazidi.

5. Asahauye vidonge aweza kupewa sindano ya kila majuma manne.

Hapa Goma kiko kituo cha Tulizo Letu, kitunzacho wagonjwa wa akili. Mpelekeni mgonjwa mapema, kabla watu hawajatafuta kamba. Naye akirudi nyumbani, mmoja wenu amwangalie kila jioni akimeza kidonge chake.