Injini Mpya katika Gari la Kale la Mbio
Datsun 240Z, gari la spoti la Japani lililoshinda mbio za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, lilitumia injini ya lita 2.4 yenye silinda sita na kabureta, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika silinda.

Injini ya kisasa hupuliziwa mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, hivyo hutumia petroli kwa kipimo sahihi zaidi. Lakini kuipandikiza katika bodi ya gari la zamani kama hilo huhitaji vishikizo vipya vya injini, mfumo wake wa waya, pampu ya mafuta yenye shinikizo kubwa, rejeta inayotosha na breki zinazolingana na mwendo mpya.

Kwa mafundi wa Magu, mji ulio kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, mahitaji hayo yanahusu hata gari kuukuu la kazi linalobadilishiwa injini. Injini ya asili nayo ihifadhiwe vizuri, kwani ni sehemu ya historia ya gari lenyewe.