Testosteroni Inapotolewa kama Dawa: Kazi Yake na Madhara Yake

Mada ya uratibu wa mwili wanafunzi wengi huisoma kwa kukariri: tezi hii hutoa homoni ile, ikizidi kunatokea hiki, ikipungua kunatokea kile. Ukikariri hivyo utapata alama za maswali mafupi, lakini swali likikutaka ueleze kwa nini, utakwama. Hapa tutatumia homoni moja tu, testosteroni, na tutaangalia kinachotokea mtu anapoiingiza mwilini kutoka nje. Mifano mingi ni ya Mafia. Kama wewe si wa huko, weka kijiji chako mahali pa Jibondo au Baleni. Hoja itabaki ileile.

Homoni hii na chanzo chake

Aliyefuga mbuzi anajua maana ya kuhasi. Beberu akihasiwa mapema hutulia, hunenepa na huacha kupigana. Mwaka 1849 Arnold Berthold, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, alifanya jambo kama hilo kwa majogoo wachanga, kisha akaenda hatua moja mbele. Baadhi yao aliwarudishia korodani tumboni, mbali na mahali pake pa asili na bila mishipa yake ya fahamu. Hao walikua majogoo kamili: upanga mkubwa kichwani, kuwika, kupigana. Waliobaki bila korodani hawakuwa hivyo. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikuwa imekatwa, ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Ukiulizwa tofauti kati ya uratibu wa neva na uratibu wa homoni, mfano huu unatosha.

Kemikali yenyewe ilipatikana mwaka 1935 mjini Amsterdam, ambako kundi la Ernst Laqueur lilikamua takriban kilo 100 za korodani za mafahali na kupata miligramu 10 tu. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja kwa njia yake, waliweza kuitengeneza maabara, na mwaka 1939 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Tangu hapo testosteroni ni dawa: ipo ya sindano ya mafuta, ya jeli ya kupaka na ya vidonge.

Nani anaihitaji? Ni mtu ambaye mwili wake haitengenezi ya kutosha kwa sababu inayojulikana: aliyezaliwa na kromosomu XXY, ambaye korodani zake ziliharibiwa na matubwitubwi baada ya kubalehe, aliyeondolewa korodani kwa ajali au saratani, au mwenye uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Kwa hao dawa hii ni tiba halali na huwasaidia kweli. Kabla ya kuianza, damu hupimwa asubuhi, kwa kuwa kiwango cha homoni hii huwa juu saa hizo, na kipimo hurudiwa siku nyingine. Uchovu peke yake hauthibitishi upungufu. Hata malaria, kisukari na usingizi mchache huchosha.

Boya la tangi

Sasa shika hili vizuri, maana ndilo linalobeba mada nzima. Ubongo, kupitia sehemu iitwayo haipothalamasi, huamuru tezi ya pituitari kutoa homoni mbili, LH na FSH. LH huenda kwenye korodani na kuziambia seli za Leydig zitengeneze testosteroni. FSH, ikisaidiana na testosteroni iliyomo ndani ya korodani, husimamia utengenezaji wa mbegu za kiume. Testosteroni ikifika kiwango cha kutosha katika damu, ubongo hupunguza amri. Huo ndio mrejesho hasi.

Fikiria tangi la maji lenye boya. Maji yakipanda, boya hupanda na bomba hufunga. Mtu akija na ndoo akamimina maji kutoka nje, boya halijui yametoka wapi; litapanda tu, na bomba litafunga. Sindano ya testosteroni ni ndoo hiyo. Damu inajaa homoni, ubongo unaona imetosha, LH na FSH zinashuka, na korodani zinakaa bila kazi. Kiungo kisicho na kazi husinyaa.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea. Huandika kwamba testosteroni ikiongezwa, mbegu za kiume huongezeka. Ni kinyume chake. Utengenezaji wa mbegu unahitaji kiwango cha testosteroni ndani ya korodani kilicho juu mara nyingi kuliko cha damu, na kiwango hicho hutoka kwa seli za Leydig zenyewe. Sindano hujaza damu huku ikikausha korodani. Athari hii ni ya uhakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliifanyia majaribio kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, kwa sindano ya miligramu 200 kila wiki, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1990: wengi wa washiriki walifikia hatua ya kutokuwa na mbegu kabisa.

Chukua mvuvi wa Jibondo, miaka 32, ameoa miaka mitatu na hajapata mtoto. Anaambiwa na rafiki kwamba kuna sindano ya nguvu za kiume. Anachoma. Misuli inajaa, hamu inapanda, naye anaamini tiba imeshika. Kumbe katika miezi hiyo mbegu zake zinapungua hadi kwisha, na mke ndiye anayeendelea kulaumiwa na mawifi. Akiacha dawa, kwa kawaida mbegu hurudi, ila mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, na mfumo mzima unaweza kuchukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, kuamka.

Wewe uliye kidato cha tatu au cha nne

Wapo vijana wanaonyanyua vyuma ambao husikia habari za sindano hizi kwa wakubwa wao. Kwa umri wako kuna dhara ambalo mtu mzima halimpati. Mifupa mirefu hurefuka kwenye sahani za ukuaji karibu na ncha zake. Sehemu ya testosteroni hubadilishwa mwilini kuwa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayofunga sahani hizo. Ukiongeza homoni mapema, unaweza kurefuka haraka kwa muda mfupi, halafu sahani zikafunga kabla ya wakati na kimo kikaishia hapo. Hazifunguki tena.

Mabadiliko hayohayo ya testosteroni kuwa estrojeni ndiyo yanayoeleza jambo ambalo hushangaza darasa kila mwaka: mwanaume anayetumia homoni ya kiume kuota matiti. Chunusi na ngozi yenye mafuta hutokana na tezi za mafuta kuchochewa. Wengine huvimba miguu kwa sababu mwili huzuia chumvi na maji.

Damu kuwa nzito

Testosteroni huchochea figo kutoa erithropoietini, homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na pia hurahisisha upatikanaji wa madini ya chuma. Ndiyo sababu mojawapo ya wanaume kuwa na himoglobini nyingi kuliko wanawake. Dawa ikizidi, chembe nyekundu zinazidi, na damu huwa nzito. Madaktari hupima hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Ikizidi asilimia 54, kwa kawaida dawa husimamishwa au dozi hupunguzwa. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, damu haishuki siku dawa inapoachwa.

Dawa hii pia inaweza kupandisha shinikizo la damu na kuzidisha tatizo la kukatika pumzi usingizini kwa wanaokoroma sana. Kuhusu moyo wataalamu walibishana miaka mingi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao TRAVERSE, wenye wanaume zaidi ya 5,000 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari yake. Waliopaka jeli ya testosteroni hawakupata shambulio la moyo au kiharusi zaidi ya waliopaka jeli isiyo na dawa. Lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, donge la damu kwenye mapafu na matatizo ya figo ya ghafla yalionekana zaidi kwao. Jibu la mtihani lisiseme “inaua moyo” wala “ni salama”. Eleza yote mawili.

Mwenye saratani ya tezi dume hapewi dawa hii ovyo, maana tezi hiyo huitikia testosteroni. Vidonge vya aina ya methili-testosteroni huweza kuharibu ini. Jeli nayo ina hatari yake ya nyumbani: isipokauka na kufunikwa kwa nguo, humhamia mtoto anayebebwa au mke. Mtoto huweza kuonyesha dalili za balehe kabla ya umri. Mwanamke huota ndevu na sauti huwa nzito, na sauti hiyo inaweza isirudi.

Maudhi ya namna mbili

Mafia ndiko kampeni ya Tanzania ya kutokomeza matende na mabusha ilikoanza kugawa dawa, mwaka 2000. Watu walimeza ivermektini na albendazoli mara moja kwa mwaka. Baadhi walipata homa, kichwa kuuma, kizunguzungu au kuwashwa. Sehemu kubwa ya maudhi hayo ilitokana na vimelea vichanga kufa katika damu na kinga ya mwili kuvishambulia. Kwa hiyo mwenye vimelea vingi aliugua zaidi, asiye navyo aghalabu hakuhisi kitu, na baada ya siku chache hali ilitulia.

Madhara ya testosteroni ni ya namna nyingine. Hayasababishwi na kimelea kufa. Ni kazi ileile ya homoni ikifanyika kupita kiasi au mahali isipotakiwa. Hayaishi kwa siku tatu. Huongezeka kadiri dozi zinavyoendelea, na mengi hayana dalili mpaka upimwe. Mtu hawezi kuhisi hematokriti yake.

Na kwa kuwa tumetaja busha: ni maji yaliyojaa kati ya tabaka za utando unaozunguka korodani, na hutibiwa kwa upasuaji. Halitokani na upungufu wa testosteroni, na sindano ya homoni hailipunguzi hata kidogo.

Sasa fikiria jiografia. Anayetumia dawa hii anatakiwa kupimwa damu baada ya miezi michache ya mwanzo, kisha mara kwa mara. Anayeishi Kilindoni yuko karibu na Hospitali ya Wilaya. Anayeishi Jibondo huvuka kwa mashua, na akielekezwa kwenda Dar es Salaam, kuna boti ya Nyamisati na bahari ya kusi. Sindano inabebeka mfukoni, kipimo hakibebeki. Hapo ndipo dawa iliyonunuliwa bila cheti cha daktari inapokuwa hatari zaidi kisiwani kuliko mjini. Madhara yakitokea, mgonjwa aeleze kituo cha afya, nacho kitoe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Swali la kujipima

Mwanaume wa miaka 28 amechoma sindano za testosteroni kwa miezi minane bila ushauri wa daktari. Vipimo vinaonyesha testosteroni ya damu iko juu, LH na FSH ziko chini sana, hematokriti ni asilimia 56, na hakuna mbegu katika manii. (a) Kwa kutumia mrejesho hasi, eleza matokeo ya LH, FSH na mbegu. (b) Eleza chanzo cha hematokriti hiyo na hatari moja inayoambatana nayo. (c) Rafiki yake anamshauri aongeze dozi ili apate mtoto. Mjibu rafiki huyo.

Katika (c), alama hazitolewi kwa kuandika “si sahihi” peke yake. Taja boya.